Alama za Kumtosha Mwanamisi

Swali la kumi na saba lilikuwa la eneo la pembetatu, na jibu la Mwanamisi lilikuwa limezidi kwa moja. Yudith akachora kosa kwa kalamu nyekundu, kisha akarudi nyuma. La kumi na sita: limezidi moja. La kumi na tano: limezidi moja. Akaanza upya karatasi yote ya mtihani wa majaribio, taratibu, kidole kikitangulia kalamu. Katika maswali arobaini hakuna jibu lililokuwa sahihi, wala hakuna lililokuwa mbali.

Mwaka wa tatu huu alikuwa akiwasaidia hesabu watoto wa darasa la saba, katika shule hii ya kando ya msitu wa Magamba. Alikuwa anajitolea tu. Kwenye ubao wa ofisini jina lake halikuwemo. Lakini makosa ya watoto aliyajua. Yupo anayesahau kubeba moja, yupo, kama Heri, anayegeuza sehemu isiyohusika wakati wa kugawanya, yupo anayekisia. Anayekisia hupata mawili matatu kwa bahati. Kukosa yote kwa moja moja, lazima uwe umeyapata kwanza.

Akamwita mtoto. Mwanamisi alikuja mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kakufundisha kuongeza moja?"

"Mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Baba kasema nifeli. Sikujua watu wanafelije, mwalimu. Nikaona nikokotoe kwanza, halafu niongeze."

Mengine aliyasema bila kulalamika. Sekondari ya kata ilikuwa bondeni, mwendo wa saa tatu kushuka, na kupanda ni zaidi. Bweni la pale liliwekewa jiwe la msingi, watu wakapigwa picha, na mpaka leo halina paa. Mwaka jana Beatha, binti wa jirani, alifaulu. Baba yake aliposhindwa kumpeleka, mtendaji wa kata akamweka mahabusu siku nne, kabichi zikamwozea shambani. Na mama yake Mwanamisi hakuwa ameinuka kitandani tangu masika. Karoti za nyumba ile zilifika barabarani kwa kichwa cha mtoto huyu.

"Baba anasema mwenye mtoto aliyefeli hakamatwi."

Mwalimu mkuu, Emanueli, alimsikiliza Yudith mpaka mwisho huku akipuliza chai. Hakushangaa.

"Sifuri kabisa?"

"Mkuu, huyu anajua kuliko wote. Tumwite mzee Hashimu, baba yake. Tuandike barua wilayani kuhusu bweni."

"Niliandika. Mara mbili. Nikaletewa fomu nieleze kwa nini utoro umezidi shuleni kwangu." Akanywa. "Ukiandika wewe, watauliza Yudith ni nani."

"Basi afeli tu?"

"Wanafeli kila mwaka, hao. Wa kwako ndiye hana ufundi. Sifuri inashusha wastani wa shule. Na sifuri iliyopangika hivi, msahihishaji ataiona kama ulivyoiona wewe, watatuletea uchunguzi. Mkalishe. Apate kumi na tano hivi. D ya kawaida."

"Unaniambia nimfundishe kukosa, mkuu."

"Nakuambia umsaidie. Si ndiyo kazi yako?" Hakumtazama. "Nafasi ya mkataba ikija, jina lako nitalipeleka mimi."

Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza siku tisa.

Jioni, wenzake Mwanamisi walipotawanyika, yeye na Yudith walikaa dawati moja na karatasi ya mtihani wa mwaka juzi, wachague aina za maswali ya kukosa. Ukungu ulikuwa umeziba madirisha. Yudith alipanga kama alivyozoea kupanga kila somo: mepesi ya mwanzo ayapate, kwa kuwa hata wavivu huyapata. Nusu ya kwanza, vema kumi. Nusu ya pili, tano.

Mwanamisi alishika upesi.

"Hapa nisahau kubeba?"

"Sahau."

"Hapa nigeuze hii ya kwanza, kama Heri?"

"Kama Heri."

Mtoto akacheka. Yudith naye alitaka kucheka, akainamia karatasi.

Walipofika la kumi na tisa, Mwanamisi akaivuta karatasi kwake. Lilikuwa la duara ndani ya mraba, litafutwe eneo lililotiwa kivuli. Alikokotoa pembeni, akaangalia alichopata.

"Mwalimu, hili naomba nilipate."

Yudith akahesabu. "Kumi zako zimetimia."

"Toa lile la asilimia. Lile hata sikulifikiria."

Yudith akarudi kwenye la asilimia, akafuta vema yake kwa kifutio mpaka karatasi ikachakaa.

"Haya. Lipate."

Mwanamisi akaliandika jibu kwa mwandiko mzuri, akalipigia mstari chini kwa rula, mara mbili. Kisha akakumbuka karoti, akasimama kukusanya madaftari.

"Yamebaki ishirini na moja," alisema. "Tutayakosea kesho, mwalimu?"

"Kesho," alisema Yudith. "Uje na penseli."