Bourse Mbili za Nasiba

Mwaka 2001, wakati Beni na Butembo zilitawaliwa na kundi la waasi lenye mawaziri wengi kuliko barabara, Nasiba binti Lukumani alipata bahati ambayo watu wa kwetu hawakujua waiweke wapi. Vyuo vikuu viwili vilimkubali kwa wakati mmoja akasomee hesabu za fedha. Kimoja kilikuwa Ubelgiji, kingine Afrika Kusini. Barua zote mbili zilitoka Kampala ndani ya lori la baba yake, zikiwa zimekandamizwa na katoni za sabuni.

Nasiba alikuwa na miaka ishirini na sita na licence, yaani shahada, ya hesabu kutoka Kisangani. Alifundisha sekondari huko Butembo. Wazazi wa wanafunzi ndio waliomlipa, kwa sababu serikali ilikuwa Kinshasa, na Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa vita.

Mshauri wa kwanza alijitokeza bila kuitwa: Prof Roger, mwalimu mwenzake, mtu wa Kasai. Serikali ilimtuma Butembo mwaka 1988 kwa miaka miwili. Bado alikuwa akiisubiri iishe.

"Ubelgiji," alisema. "Hapana fikiri hata kidogo."

"Prof, hata barua hamuyasoma."

"Mais nisome nini? Iko na timbre ya Ubelgiji juu ya bahasha. Inatosha!"

Kwa kweli alikuwa na hoja. Ubelgiji walitoa bourse kamili: karo, chumba, chakula, hata pesa za koti la baridi. Afrika Kusini walitoa karo tu. Chakula angekipata kwa kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Jumamosi Nasiba aliteremka Beni kwa wazazi wake. Lukumani alikuwa amesafirisha mizigo miaka ishirini, na mkewe Rachida aliuza vitenge sokoni. Baba aliuliza swali moja: huko watu wanasomea nini hasa?

"Risque, papa. Namna ya kupima hatari mbele ya mutu kuweka pesa yake."

Lukumani alicheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. "Mimi napitaka barabara ya Eringeti kila juma, katikati ya bunduki, lori imejaa muchele. Halafu muzungu njo atakufundisha hatari?"

Rachida hakucheka. "Afrika ya Kusini kuko misikiti?"

"Kuko, mama."

"Na Ubelgiji?"

"Kuko vilevile."

"Basi swali yangu imekwisha. Chagua mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo, na Nasiba aliona kwamba ushauri huo ndio mgumu kuliko wote. Aliporudi Butembo akaenda kwenye ofisi ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na kompyuta na simu ya satelaiti, akaviandikia vyuo vyote viwili swali lilelile: "Kwetu maharagwe ya Masereka yanakuwa na bei asubuhi. Saa sita wanajeshi wanafunga barabara, na mpaka jioni bei haipo. Si kwamba imepanda au imeshuka, haipo. Ninyi mnafundisha nini kuhusu siku isiyo na bei?"

Ubelgiji walijibu kwa kurasa nne nzuri sana. Walieleza kuhusu chumba chenye kompyuta arobaini, ambamo wanafunzi hujifanya wananunua na kuuza. Kuhusu swali lake kulikuwa na mstari mmoja: masomo yao huchukulia kwamba soko liko wazi daima.

Kutoka Afrika Kusini alijibu profesa mwanamke, mistari mitatu tu: "Hatujui. Wanafunzi wangu wawili wanahangaika na swali hilohilo kwa upande wa mahindi, na mpaka sasa wanakosea. Kama umeandika bei zenu mahali, njoo nazo."

Nasiba alikuwa ameziandika. Tangu 1999, kila baba yake aliporudi safari, alimuuliza bei za Eringeti, Kasugho na Masereka, mpaka Lukumani akamshuku kwamba anataka kumnyang'anya kazi. Usomi wake wote alikuwa ameuhesabu kuwa wa Kisangani, na hii tabia ya daftari aliiona kama ugonjwa mdogo tu. Aliisoma ile mistari mitatu akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Akachagua chuo kisichojua.

Mji mzima ukamhurumia. Prof Roger hakumsalimu kwa juma moja.

Ilibaki ruhusa ya kutoka. Ofisi ya masomo ya waasi huko Beni iliongozwa na Chef Gérard, mtu wa Bas-Congo aliyekuwa amehama serikali bila kuhama kiti. Alizisoma barua polepole mpaka akafika kwenye neno bourse. Kwetu neno hilo lina maana mbili: msaada wa masomo, na soko la hisa. Chef alichukua ile kubwa.

"Donc Ubelgiji inatupatia Bourse! Butembo itakuwa na Bourse yake!"

"Hapana, Chef. Ni bourse ya masomo. Tena ile ya Ubelgiji sitaichukua."

"Unakataa Bourse ya peuple, ya wananchi?" Aliifunga dosye yenye barua zake. "Afrika ya Kusini nayo ni Afrika. Mutu hawezi toka Afrika juu ya kwenda Afrika."

Dosye ikalala miezi mitatu. Masomo yangeanza Februari, na mwishoni mwa Desemba Nasiba alikuwa ameacha kuhesabu siku. Januari redio ikatangaza kwamba makundi yote ya vita yataitwa kwenye mazungumzo ya amani Afrika Kusini. Kesho yake Chef Gérard alimtuma mtu kumtafuta.

"Mademoiselle Nasiba! Kule kwenye unaenda, batu banavaa nini? Iko baridi?"

Alimgongea mihuri mitatu, mmoja wa ofisi isiyokuwapo tena. Mwishowe jina la Chef mwenyewe halikuwekwa kwenye orodha ya wajumbe wa mazungumzo, lakini muhuri ukishagonga umegonga.

Siku ya kuaga, Prof Roger alimsindikiza mpaka penye magari. "Ile barua ya Ubelgiji, ungali nayo?"

"Ningali nayo. Munaitaka ya nini?"

"Adresse ya kile chuo," alisema akitazama barabara. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Nasiba alimpa, na hakutania.

Kwenye mpaka wa Kasindi, afisa aliuliza anaenda kusoma nini.

"Hesabu za hatari."

"Na unatoka wapi?"

"Beni."

"Beni? Si ungebaki, batu ba kule bakuje uwafundishe bo?" akasema, akagonga pasipoti.

Nasiba akapanda basi la Kampala. Baba yake, aliyemleta mpaka hapo kwa lori, hakupunga mkono. Alikuwa amechuchumaa kando ya lori, akikaza nati za gurudumu moja baada ya nyingine, ingawa hakuna hata moja iliyokuwa imelegea.