Upande Aliokaa Chausiku

Mimi Mwanamkasi, mwalimu wa chuo cha Kurani cha Zinga, ndiye niliyetaka watoto wapimwe. Simsingizii mtu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilichimba kwa mikono miwili.

Wakati huo, mwaka mmoja kabla ya Wadachi kuja kupandisha bendera yao Bagamoyo, kila mwalimu alikuwa na kipimo chake. Mtoto huambiwa amehitimu Kurani, akavishwa nguo mpya, akazungushwa mitaani kwa kaswida, kisha ukimpa msahafu na kumfungulia ukurasa asiouzoea anakodoa macho tu. Nilikuwa nikiwaona mjini wahitimu wa namna hiyo, damu ikinichemka. Watoto wangu mimi walisoma miaka minne mizima, na watu wakasema kwa Mwanamkasi hakuna anayemaliza.

Basi jumbe, mkuu wa mji, akawaita walimu wote nyumbani kwake. Wanaume walikaa barazani, mimi ndani, nyuma ya pazia la mkeka. Nilisema kwa sauti ya kufika sokoni:

"Muuza mtama akija na pishi yake ya kujichongea mnamfukuza. Elimu ya watoto mbona kila mtu na pishi yake?"

Wengi walicheka, na wengi walikubali. Aliyepinga ni Mwalimu Muhidini wa Mapinga, mzee mpole ambaye upole wake ulikuwa ukinikera.

"Bibi Mwanamkasi," akasema, "mtama ni mtama. Watoto hawa mmoja anatoka nyumba yenye vitabu, mwenzake anatoka kuamia ndege shambani. Ukiwapima kwa pishi moja utakuwa umepima nyumba zao."

"Hayo ni maneno ya mwalimu ambaye wanafunzi wake hawajui kusoma," nikamjibu.

Watu wakaguna. Sikujali.

Mabishano yalikwenda siku tatu, yakatoka barazani yakaingia msikitini na visimani. Mwishowe yakapita maneno yangu, tena kwa masharti niliyoyapanga mwenyewe. Sheikh Bwanausi, mtu mzima wa mjini asiye na chuo, ataufungua msahafu popote apendapo na kumkabidhi mtoto. Mtoto asome ukurasa mzima. Akikwama mara tatu hajahitimu, arudi mwaka ujao.

Moyoni nilikuwa na Chausiku. Sikujaliwa mtoto, na macho yangu yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilitaka chuo changu kirithiwe na binti huyu, maana kichwa kama chake sijapata kukifundisha. Baba yake, Mwinyimvua, mkulima wa hapo hapo Zinga, hakuwa mtu mbaya, ila alichoka kungoja.

"Mwalimu," aliniambia, "akihitimu mwaka huu ni wako, mfanye mwalimu. Asipohitimu anakwenda Miono kwa shangazi yake, akalime mpunga. Nimesema."

"Tafuta mbuzi wa karamu," nikamwambia.

Hapa lazima nieleze chuo changu kilivyokuwa. Tulikuwa na msahafu mmoja, wa marehemu baba yangu, na ubao mmoja wa kuandikia herufi. Vyote niliviweka katikati, mbele yangu, na watoto wakakaa pande zote kuvizunguka. Aliyetangulia kuingia chuoni alikaa ubavuni kwangu, na aliyeingia mwisho alikaa ng'ambo, uso kwa uso nami. Tena kwangu mtoto hahami pale alipokalishwa, hiyo ndiyo adabu ya chuo. Chausiku aliingia mwisho. Kwa miaka minne alizitazama herufi zikiwa kichwa chini, akazijua hivyo hivyo. Nilijua. Wageni wakija nilikuwa nikiwaonyesha, tunacheka: tazameni huyu, kitabu kimepinduka naye hakosei! Nilipopanga masharti ya mtihani, jambo hilo halikunijia kabisa.

Siku ilipofika tulikusanyika uani kwa jumbe, wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili. Wa kwanza kuitwa alikuwa Husseni, mwanafunzi wa Muhidini. Alikuwa akitetemeka mpaka kurasa zikatetemeka naye. Alikwama mara tatu kabla ya nusu ya ukurasa.

Muhidini akaomba mtoto anywe maji, ajaribu tena.

"Sharti ni sharti," nikasema kwa nguvu. Sheikh Bwanausi akakubali. Mama yake Husseni, Ashura, alikuwa amekaa karibu yangu. Alijifunika uso kwa ushungi, akalia.

Kisha akaitwa Chausiku. Sheikh akaufungua msahafu katikati, akamwekea mbele yake. Binti akatazama. Akaanza herufi moja moja, akakwama. Akajaribu aya ile ile, akakwama. Akaruka neno, akakwama tena, na mimi ndipo nilipoelewa.

"Sheikh, niwie radhi," akasema. "Naomba uushike wewe."

Akaugeuza msahafu ukamwelekea Sheikh, akakaa ng'ambo yake, akasoma. Alisoma ukurasa mzima na uliofuata, sauti haikuyumba. Watoto wakaanza kucheka, "Anasoma kichwa chini!"

"Nimezeeka, sijaona jambo kama hili," akasema Sheikh Bwanausi. "Kusoma anasoma. Lakini alipokabidhiwa msahafu alikwama mara tatu. Mwalimu Mwanamkasi, sharti ni lako. Ukisema nilegeze, nitalegeza."

Muhidini akasimama. Nilingoja anisute, maana ilikuwa haki yake.

"Mwacheni apite," akasema. "Masikio yetu si yamesikia?"

Heri angenisuta.

Nilitaka kusema legeza. Wallahi nilitaka, neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikageuka, nikakutana na macho ya Ashura, mekundu bado, yamenikazia. Mwanawe alikuwa amemshika mkono.

"Hajahitimu," nikasema.

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa haki, au ni kiburi cha mtu aliyeogopa kuyala maneno yake mbele za watu. Nimejiuliza sana, na kila siku najipa jibu jingine.

Mwinyimvua hakugombana nami. Alinishukuru kwa miaka minne, jambo lililoniuma kuliko matusi, na asubuhi ya pili akamtoa binti yake. Niliwawahi kwenye njia ya kutoka kijijini, napepesuka, ushungi umeniangukia mabegani. Chausiku alikuwa na mkeka wake kichwani. Akautua, akanipa shikamoo, akanibusu mkono.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Ningejua kama kule kukaa kwako ng'ambo kutakuletea haya, ningekuhamisha zamani."

"Nilikuomba, Mwalimu," akasema. "Mwaka wa pili. Nilisema, Mwalimu, nije upande wako nizione vizuri. Ukanichapa."

Hakusema kwa hasira. Akajitwisha mkeka wake, akamfuata baba yake. Nilisimama pale njiani nikijaribu kuikumbuka siku hiyo, na sikuikumbuka.