Penalti ya Shinyanga

Maduhu hakuwa mtu wa kunyamaza panapozungumzwa mpira. Ukiitaja Nyundo, timu ya wachimbaji wa mgodi wa Geita, yeye alikuwa amekwishaketi zamani. Kila Jumapili baada ya misa alikutana na rafiki yake Athanas kwa Mama Paskazia. Walikunywa togwa na kufukua misimu ya zamani ya timu yao, hata mwenye nyumba akasema laiti wangechimba dhahabu kwa bidii hiyo wangekwishakuwa matajiri.

Jumapili hii ya mwaka 1956 ilikuwa ya mwisho. Vumbi la mgodini lilikuwa limemkaa Athanas kifuani, na kesho yake asubuhi lori lingempeleka kwao Ngara. Maduhu alikuwa na jambo alilolificha miaka sita. Asipolisema leo, basi tena, atazikwa nalo.

Wakaanza na raha. Msimu wa arobaini na nane, jamani, nani asiyeukumbuka! Nyundo waliwatandika vijana wa Mwanza manne bila, na Athanas, winga wa kushoto, alifunga mawili peku, maana viatu alivyoazimwa vilimbana. Halafu arobaini na tisa, msimu wa balaa: mvua isiyokatika, na golikipa wao Mabula akahamia Rwamgasa kumfuata mwanamke. Wakacheka mpaka Athanas akashikwa na kikohozi. Kisha wakafika hamsini, wakanyamaza. Masimulizi yao yaliishia hapo siku zote, kwa sababu tangu mwaka ule Athanas hakukanyaga tena uwanjani.

Ilikuwa fainali, Shinyanga, dhidi ya Marobota, timu ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Bila kwa bila, muda unayoyoma, Nyundo wakapata penalti. Athanas akapiga, akakosa. Marobota wakapanda, wakafunga, wakachukua kikombe. Ndani ya treni ya kurudi Mwanza watu walimsusa, na wengine walisema wazi kwamba amehongwa. Ni Maduhu tu aliyekaa naye, na wote wakamsifu kwa urafiki. Urafiki gani! Aliona haya kukaa kwingine.

Maduhu akaweka kata chini.

"Athanas, ndugu yangu, penalti ile hukuikosa wewe. Niliikosesha mimi."

Akaeleza yote, macho yake yakiwa chini. Alikuwa amekwenda kwa mganga wa ngoma kuomba dawa ya kulifunga goli lao, mpira usiingie. Refa alipokwisha kugawa magoli, Maduhu, aliyekuwa shabiki tu, alijifanya anakaza kamba ya wavu wa Nyundo, akaifukia dawa chini ya nguzo. Kosa lake lilikuwa hilo. Amekulia kwenye mashindano ya ngoma za Kisukuma, ambako kila kundi hushika upande wake tangu asubuhi hadi jua linazama, na dawa huwekwa upande huo. Kwamba timu hubadilishana magoli baada ya mapumziko alilijua vizuri sana, ila akiwa na dawa mkononi akili yake ilirudi kwenye ngoma. Kipindi cha pili kilipoanza akaona Marobota wanalinda goli alilolifunga yeye mwenyewe.

"Nimekukosea, gete, kweli kabisa," alimaliza.

Athanas akauliza, "Ulifukia nguzo ipi?"

"Ya kulia."

"Mpira wangu ulitoka nje kushoto, Maduhu. Mbali kabisa. Hukuona?"

Hakuona. Athanas alipouweka mpira chini, Maduhu alijifunika uso kwa kofia, na tangu siku ile hakuthubutu kumuuliza mtu.

"Mguu ulitetemeka, basi," Athanas akasema.

Maduhu akahisi mzigo wa miaka sita umetuliwa begani. Alitaka kucheka, alitaka hata kumkumbatia. Lakini mwenzake hakuwa anacheka.

"Ungeniambia siku ile," Athanas akasema polepole, "kule ndani ya treni, ningekuamini. Ningesema ni dawa, si mguu wangu. Jumapili ya pili yake ningevaa jezi."

Maduhu alimtazama rafiki yake, miguu ile myembamba aliyoinyoosha juani, akaikumbuka ilivyokuwa inakimbia pembeni mwa uwanja na Geita nzima ikiita jina lake. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Mama Paskazia alikuja kuongeza togwa, akawaona, akarudi jikoni bila kuuliza.

Athanas akamsogezea rafiki yake kata iliyokuwa chini.

"Haya, kunywa," akasema. "Kisha unisimulie hamsini na moja. Sikuiona."