Koki ya Mama Mkwe

Hebu nikuulize, wewe unayesoma: umewahi kumwona fundi akifungua oili ya pikipiki huku amefumba macho? Usingizi haujamzidi, wala jicho halimuumi. Amefumba kwa hiari yake, kayabana kama mtoto anayemezeshwa dawa, na mkono unapapasa chini ya injini kama unaotafuta sindano kitandani.

Basi fundi wetu alikuwa hivyo, mwezi mzima. Pikipiki ilikuwa ya mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sitini na ushei aliyesambaza mayai madukani, trei kumi nyuma, na hakuna yai lililowahi kumpasukia ila moja, nalo alilikalia mwenyewe. Stendi kubwa ya pikipiki hiyo ilikatika zamani. Ukiiegemeza kwenye stendi ndogo inalala upande, na oili haitoki yote. Kwa hiyo lazima mtu mmoja aishike isimame wima, na mwingine alale chali chini yake na spana, maana bolti ya kumwagia oili ipo tumboni kabisa mwa injini. Mshikaji alikuwa mama mkwe. Naye huvaa gauni. Sasa mkwe mwenye adabu zake, amelala chali miguuni pa mama mkwe, ayapeleke wapi macho? Akayafumba.

Utasema, si angekataa kazi? Angekataa vipi, na kazi yenyewe kaiomba yeye. Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake, na sababu ni beseni. Siku moja fundi alikosa dumu la kukingia, akamwaga oili chafu ya mteja kwenye beseni la mkewe la kukandia unga. Mke akalikuta uani, jeusi, nzi wawili wamekufa ndani. Akauliza. Pale pale angesema nimekosa, yangekwisha. Lakini wateja watatu walikuwa kwenye benchi wakisikiliza, na fundi akajitia mwanamume: "Beseni ni beseni tu." Mke akakunja nguo zake moja moja, akapita mbele ya benchi na begi lake, akawaaga wateja vizuri. Mumewe hakumuaga.

Majirani waliambiwa amekwenda kumuuguza mama. Na huyo mgonjwa kila asubuhi anapita mbele ya gereji na trei zake, anapiga honi.

Mara ya kwanza fundi alikwenda kwa mama mkwe akasema oili imefika wakati wake. Kweli ilikuwa imefika. Alitaka amwone mkewe, aseme neno lake. Mkewe akapita uani na ndoo, akapita tena bila ndoo, neno likamkwama. Baada ya siku kumi akarudi: oili ile ilikuwa feki, itaua injini. Wiki moja baadaye akarudi tena: wosha ya ile bolti, kile kipete cha kuzuia kuvuja, haimpi usingizi. Kila mara saa mbili chini ya pikipiki, oili ya moto ikimwingia sikioni, na neno halitoki. Oili nayo, tangu mara ya pili, ikitoka safi, rangi ya asali, vile vile ilivyoingia.

Siku hiyo ya wosha ndiyo aliyopapasa akapata kitu cha mviringo, kigumu, akakivisha spana namba kumi na saba, akaanza kuzungusha.

"Mkwe," mama mkwe akasema kwa upole, "hicho ni kidole changu cha mguu."

"Samahani mama. Nilidhani ni bolti."

"Unazungusha kushoto au kulia?"

"Kushoto, mama."

"Basi ulikuwa unafungua. Pole sana, hakifunguki."

Ndani ya nyumba mtu alicheka. Fundi alikijua kicheko kile. Alikuwa hajakisikia siku ishirini na sita. Akafungua mdomo aseme. Akasema, "Wosha ni nzima."

Jumamosi iliyofuata akaja na spana zake. Safari hii hakuwa na hata uongo wa maana. Alipanga kusema oili inahitaji kupumzishwa. Akamkuta mama mkwe uani, kidole kimefungwa kitambaa, na kiti cha plastiki kimewekwa kando ya pikipiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

"Nilikuja kwa ajili ya oili..."

"Ndiyo. Kaa uione oili."

Akaita ndani. Binti yake akatoka akifuta mikono, akashika usukani, pikipiki ikasimama wima. Mume na mke wakawa uso kwa uso, katikati yao taa ya mbele tu. Mama mkwe akachuchumaa pembeni. Pale palipokuwa na bolti sasa palikuwa na koki ndogo ya shaba, haizidi kidole gumba, ina kijiti cha kugeuzia na mdomo wa kuchomekea mpira. Akachomeka mpira, ncha ya pili akaitia ndani ya dumu, akageuza kijiti kwa kidole kimoja. Oili ikashuka yenyewe. Hakuna spana, hakuna kulala chali, na hakuna tone lililogusa ardhi.

"Nani amekufungia hii?" fundi akauliza.

"Fundi wa sokoni. Nilimwachia pikipiki nikaenda kununua vitunguu. Niliporudi alikuwa ananawa."

Mke kuondoka kulimuuma. Lakini injini ya mama mkwe kushikwa na fundi mwingine, hilo lilimchoma. "Ameikaza vizuri?"

"Inavuja?"

"Haivuji, mama."

Dakika tatu, oili yote ikawa ndani ya dumu. Ikang'aa juani.

"Ina kosa gani hii?" mke akauliza. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mumewe tangu siku ya beseni.

"Imeanza... kuchoka."

"Ina siku tano. Ingekuwa ya kula ningeikaangia."

Mama mkwe hakungoja. Akarudisha kijiti mahali pake, kikasema tak, akachukua faneli, akaimimina oili ile ile ndani ya injini, akafunga kifuniko, akapanguza. Fundi akainuka, akaanza kufuta kioo cha kushoto kwa mkono wa shati. Akahamia cha kulia. Akabonyeza tairi la mbele. Akarudi kushoto.

"Hicho umeshakifuta," mama mkwe akasema. "Mkwe, mayai yananingoja. Oili imetoka, imerudi, kazi ya mikono imekwisha. Imebaki ya mdomo, na hiyo hata fundi wa sokoni hawezi kukufanyia."

Fundi akatazama mikono yake. Ilikuwa safi, akakosa pa kuiweka. Mkewe hakuachia usukani. Alimkazia macho kama mtu anayengoja injini ya baridi iwake: hana haraka, lakini kiki hapigi yeye.

"Nilikosa," fundi akasema. "Beseni lilikuwa lako, na nilijua ni lako. Nilitaka kukuambia siku ile ile, wateja wakanitia haya. Sikuja hapa kwa ajili ya oili. Mara zote nne nilikuja kukuomba urudi nyumbani, mke wangu."