Mnada wa Chupa Mbili

Jina la mtaa silitaji, maana watu wake wana simu na wana hasira za karibu. Jueni tu kwamba ni kilima cha pili ukitoka Gare, kwenye kanisa la Kilutheri lenye ukuta wa mawe, na kwamba mnadi wa kanisa hilo alikuwa Hezekia.

Ibada ikiisha, sadaka ambazo si fedha, yaani kuku, karoti, mikungu ya ndizi na maziwa, hutolewa nje na kupangwa kwenye majani, na Hezekia hushika maiki. Mtu alikuja kutafuta kitunguu, akaondoka na gunia la kabichi asilojua atalipeleka wapi. Hezekia hakuwa anauza vitu, alikuwa anavisimulia. Karoti mkononi mwake ilikuwa na ukoo, ilikuwa na tabia, ilikuwa na mchumba aliyeachwa Shume akilia. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, lakini ungemwambia achague kati ya maiki na shamba lake, shamba lingekuwa lako.

Sasa Jumapili hiyo ya sikukuu ya mavuno, maiki ilikuwa hatarini. Mzee Kristian, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mrefu anayekohoa kabla ya kila neno, alikuwa amemshtaki. Alidai amemwona Hezekia kwa macho yake mawili akitoka mlango wa nyuma wa nyumba ya Sesilia kule Gare, akijifuta midomo. Na Sesilia ni nani asiyemjua? Mjane wa Kikatoliki, mtengenezaji wa mvinyo wa matunda, mwekundu na mweupe, anaouuzia mahoteli ya Lushoto. Tatizo ni kwamba Hezekia alikuwa ameapa mbele ya usharika mzima kuwa pombe ameacha, ya miwa, ya ndizi, ya chochote kile. Mkewe Marta alisimama barazani akamtetea mpaka sauti ikakauka. "Mume wangu hanywi," alisema, na akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Wazee wakaamua kulimaliza shauri baada ya mnada wa mavuno. Hezekia akipatikana na hatia, atatengwa, atakaa benchi la mbele pamoja na wanaotubu mpaka arudishwe kundini, na maiki atapewa mtu mwingine.

Je, alikuwa anakunywa? Jamani, tusidanganyane, alikuwa anakunywa! Si kulewa, hapana. Kila Alhamisi alipeleka karoti Gare, na kila Alhamisi Sesilia alimmiminia glasi ndogo ya mwekundu na glasi ndogo ya mweupe, kisha wakabishana juu ya ladha mpaka jua likapinda. Kuonja kitu kizuri asikisimulie, hiyo ndiyo dhambi ambayo Hezekia asingeiweza.

Basi wakati wa matoleo, waumini wakipita mbele na vikapu vyao, nani anaingia? Sesilia! Kitenge kipya, kilemba kimesimama, kapu mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasalimu.

Walutheri wakatazamana. Mchungaji Shukrani, dada mdogo wa umri lakini si wa akili, akaitikia peke yake, "Milele, amina. Karibu, mama."

"Mchungaji, maporomoko yalipofukia ghala langu, vijana wa kanisa hili walikuja na majembe wakanifukulia. Nimekuja kushukuru. Mikono yangu inatengeneza hiki tu." Akatoa chupa mbili, moja nyekundu ya forosadi, moja nyeupe ya mapeasi, akaziweka mbele ya madhabahu katikati ya maboga.

Kristian alikohoa mpaka kwaya ikanyamaza. Mchungaji akasubiri amalize. "Sadaka ni sadaka," akasema. "Na Yesu kule Kana hakugeuza maji kuwa chai. Zitanadiwa kama vingine."

Hezekia aliyasikia hayo. Zitanadiwa na nani? Si na yeye!

Nje, alianza na kuku, akaenda kwenye kabichi, akazirefusha hadithi za kabichi kuliko kawaida, kila mara akiziruka zile chupa kana kwamba zina umeme. Hassani, mnunuzi wa mboga, Mwislamu asiyekosa mnada hata mmoja wa Wakristo, alikwisha kununua kabichi zote na alikuwa anasubiri karoti. Mwishowe hapakubaki kitu kwenye majani ila chupa mbili, zinang'aa juani.

"Chupa hii ni nyekundu," akasema Hezekia. "Na hii ni nyeupe. Nani anaanza?"

Watu wakacheka. Kristian akasogea mbele, mikono nyuma, anatabasamu tabasamu la mtu aliyeona panya ameingia mtegoni. "Aa, mgoshi, bwana wangu! Mnadi wetu haishii kwenye rangi. Karoti unatusimulia mpaka ndoto zake. Tuambie ladha."

"Ladha! Ladha!" wakaitikia watu, bila kujua wanamchimbia mwenzao kaburi.

Hapo Hezekia alielewa. Akizieleza vizuri, amejishtaki mwenyewe kwa maiki, na betri zikiwa mpya. Akinyamaza, si mnadi tena. Akamtazama Marta, aliyesimama upande wa akina mama, kidevu juu, anamwamini. Roho ikamuuma kweli. Kisha akaona njia nyembamba, akapita: aseme, lakini aseme uongo. Azieleze kama mtu asiyewahi kuzigusa.

"Mimi nakisia tu, ndugu zangu," akasema. "Hii nyekundu, naona, ni juisi ya watoto wa shule ya Jumapili. Tamu, nyepesi, haina kitu ndani. Ukimeza imekwisha, hata hukumbuki."

Ilimuuma kuyasema. Ule mwekundu ulikuwa mkavu, mzito, na Alhamisi iliyopita tu alikuwa ameushika mdomoni akifumba macho kwa raha. Akamwona Sesilia anamkodolea kwa hasira, naye akamkonyeza kidogo.

Hapo ndipo jambo la ajabu likatokea. Valentino, besi wa kwaya, alitikisa kichwa akaguna "aa-aa", vilevile anavyoguna sauti ya tatu inapokosea noti. Na mama Loveness, mweka hazina wa umoja wa wanawake, alimgeukia jirani yake akanong'ona kwa mshangao, "Nyepesi?"

Hezekia akasita. Kumbe! Wiki ina siku saba, na yeye alikuwa na Alhamisi peke yake. Akajiuliza pia swali alilopaswa kujiuliza zamani: mlango wa nyuma wa Sesilia unatazama mgomba na choo, hauko njiani kwenda popote. Sasa Mzee Kristian alimwona akiwa wapi?

Furaha ikampanda kutoka miguuni. Akainua chupa nyeupe.

"Na hii, wapendwa, msimpe mgeni mnayemheshimu. Kali! Inakwangua koo mpaka kifuani. Nakisia mapeasi yenyewe yalikuwa yameoza. Haina harufu, haina utamu, ukiinywa unajuta mpaka ubatizo wako." Valentino akaziba masikio. Hezekia hakumtazama, alikuwa anamtazama Kristian, ambaye taya lilikuwa linacheza. "Mtu mwenye ulimi mzuri," akaendelea polepole, "angechukua ile tamu nyekundu, hii nyeupe akaoshea sahani."

"Acha kupotosha watu, Hezekia!" Kristian alipasuka, na safari hii hakukohoa. "Sahani? Umeyageuza yote! Nyekundu ndiyo kavu, inashika ufizi! Nyeupe ndiyo laini, inakuja na asali, halafu mwishoni ganda la peasi! Na hii ya mwaka huu si kitu, ile ya mwaka jana ndiyo ilikuwa..."

Akajiziba mdomo kwa mkono. Amechelewa.

Mchungaji Shukrani akauliza kwa upole sana, "Mwaka jana, Mzee Kristian?"

"Mimi msiniulize," akasema Hassani. "Nimekuja kununua karoti."

Weee! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye majani. Mama Loveness alicheka kuliko wote, ili asiangaliwe. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo la Kristian liliwekwa juani kila mtu akaliona. Shauri la Hezekia likafa palepale; nani angelisoma, mwenyekiti akiwa anatafuta pa kuweka macho? Hassani akabeba kabichi na karoti zake. Chupa nyeupe ilichukuliwa na Valentino, haraka mno. Nyekundu aliinunua Marta mwenyewe, mbele za watu, kwa kiburi cha mke aliyeshinda kesi.

Jioni, wakiwa jikoni, ubwabwa umeshaiva na watoto wametumwa maziwa, Marta aliifungua ile chupa. Akamimina kidogo kwenye kikombe cha chai. Hezekia akajifanya anachochea moto.

"Unajua, baba," Marta akasema, "nimekaa nikawaza. Jogoo wa mama Tatu alikuwa kipofu, ukasema anafumba macho kwa sababu ya sala. Mbuzi kilema ulimwita mpole. Hujawahi kukisema kitu vibaya ukiwa na maiki. Leo tu."

"Nilikuwa nakisia, mke wangu."

"Ndiyo. Sasa ngoja nami nionje." Akanywa kidogo, akakunja uso. "Mh! Inanuka sabuni."

Hezekia akachochea moto.

"Sabuni na soksi za mvua," Marta akaendelea. "Maji matupu. Maskini Sesilia, hajui kazi. Nimwagie kuku?" Akasimama, kikombe mkononi, akaelekea mlangoni.

"Maji?" Hezekia alikuwa ameshasimama. "Marta! Usimwage! Umemeza upesi, mwanamke, hukuupa nafasi! Kwanza unauleta puani, hivi, unapata udongo wa Shume mvua ya kwanza ikigusa, na moshi, si moshi wa kuni, moshi wa nguo ya mtu aliyekaa jikoni. Halafu mdomoni usiwe na haraka! Mvinyo unashika ufizi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Utafikiri umekukasirikia. Subiri! Sasa forosadi zenyewe zinakuja, zile nyeusi kabisa za juu ya mti, na ukishameza hauondoki, unakaa kwenye kona ya ulimi kama mgeni aliyeaga lakini bado amesimama mlangoni anaongea..."

Alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, Marta alikuwa amekaa kwenye kigoda, amelishika shavu, hacheki wala hanuni.

"Vizuri sana," akasema. "Sijawahi kukusikia ukisimulia hivyo. Mimi niliapa kwa jina la mama yangu, Hezekia."

Hezekia akaketi chini karibu na moto. Aibu ilimpata, aibu ya kweli.

"Jumapili utaenda mbele mwenyewe," akasema Marta. "Usisubiri kuitwa. Sasa pakua ubwabwa."

Akaenda. Jumapili iliyofuata benchi la mbele lilikuwa na wawili, Hezekia na Mzee Kristian, bega kwa bega, vichwa chini. Mchungaji aliwaombea, akasema watakaa hapo mpaka Pasaka. Kwenye mnada nao wakawekwa mbele na benchi lao, ili waonekane.

"Lakini mgoshi," Kristian akanong'ona, "huo moshi wewe unaupata wapi? Mimi sijawahi kuupata moshi."

"Huvuti pumzi vizuri, mzee wangu. Ukishamimina..."

"Kimya huko mbele!" ikasema maiki.

Hezekia akainua kichwa. Maiki ilikuwa mkononi mwa Marta. Mkono mwingine ulikuwa umebeba kabichi, kabichi ya kawaida tu, tena yenye majani yaliyoliwa na wadudu. Marta akaigeuza polepole, akaitazama kwa huruma, akawauliza watu kama wanajua kwa nini wadudu wote wa bonde zima waliziacha kabichi nyingine wakaichagua hii. Watu wakasogea. Hassani akatoa mkono mfukoni. Hezekia alijikuta naye anasogea kwenye benchi, ameinama mbele, anataka kujua.

Ile kabichi ilikwenda kwa bei ambayo yeye, katika enzi zake zote, hakuwahi kuipata.