Robine ya Joëlle

Kama kuna kitu kilichomnyima Angélique usingizi mwaka huu, si vita wala bei ya mchele. Ni robine ya Joëlle. Haki ya Mungu, robine, mfereji tu wa maji!

Ngoja nieleze. Angélique anakaa juu ya mteremko, kwenye kiwanja, parsele nzuri yenye ukuta wa matofali na tanki ya maji, na kwa miaka mingi mwanamke yeyote wa avenyu ile akikosa maji alibisha kwake. Walimwita Mama Maji, naye akajifanya hapendi. Joëlle alifika majuzi tu, amekimbia vita kule Kpandroma na mtoto mgongoni, akapanga kijumba chini kabisa, penye robine ya mwisho ya bomba la mji. Hana ukuta, hana hata kiti cha mgeni. Lakini siku hizi maji ya mji yakikatika, robine zote zinakauka, ya Joëlle inatoka. Nyembamba, ndiyo, lakini inatoka! Basi bidoni zote, yale madumu ya njano ya kuchotea maji, zikateremka kule chini, na jina la Mama Maji likateremka nazo.

Wivu ukamkaba Angélique mpaka chakula hakishuki.

"Yule mwanamke iko na dawa," alimwambia mume wake, Blanchard. "Ao iko na mutu kule kampuni ya maji anamufungulia."

"Ao iko na bahati," Blanchard akajibu.

"Bahati gani? Siye hapa tuko na pompe, na tanki haijai!"

Hapo alisema kweli. Blanchard alinunua pompe ya kuvuta maji kule mjini Ariwara, akaitia katika kisima chao cha zamani karibu na choo. Maji ya kisima kile yalikuwa ya kuoga na kufulia tu, hakuna aliyethubutu kuyanywa. Fundi aliyeunganisha pompe na mabomba ya nyumba aliwaambia wazi: kabla ya kuwasha pompe, mufunge vani, ile koki ya maji ya mji pale mlangoni mwa parsele. Angélique akakataa katakata. Maji ya mji hayana saa. Je, yakirudi yakute kwake kumefungwa, yapite moja kwa moja yaende kwa wengine? Kwa Joëlle? Thubutu! Vani ikabaki wazi, pompe ikanguruma kutwa, tanki ikagoma kujaa, na lawama zote akapewa Blanchard kwa kununua pompe mbovu.

Kilichomchoma zaidi ni mtoto wake wa pekee, Gracia. Akitoka masomo, mbio kwa Joëlle. Joëlle anamsuka, anamwimbia, anamnywesha maji.

"Maji ya Mama Joëlle iko baridi," mtoto alisema siku moja mezani. Ee, kofi alilolipata!

"Yule anatia sumu mu maji, unasikia? Nikisikia umekunywa tena, nitakupiga mpaka ushangae!"

Alisema kwa hasira tu, hata yeye hakuyaamini. Lakini mtoto aliyaamini, hasa yale ya kupigwa.

Siku zile zile Gracia akaanza kuhara na kutapika, na watoto wengine wa avenyu vilevile. Blanchard akamkimbiza hospitali kwa moto, pikipiki ya jirani. Na Angélique? Angélique, masikini, alikwenda kwanza kampuni ya maji kumshitaki Joëlle. Akarudi na Théodore, fundi wa kampuni ya maji, akasimama kwa Joëlle mbele ya bidoni za watu akipiga kelele: "Muuaji! Unaniulia mutoto!"

Joëlle akamshusha mtoto wake mgongoni. "Yaya, dada yangu, hata wangu anakunywa hii hii. Na yeye iko na homa."

Théodore akafungua robine ile. Maji yakatoka, na mji mzima umekatiwa. Akakuna kichwa, akapanda mteremko akisikiliza kwenye kila mlango, mpaka akafika kwa Angélique akasikia pompe. Akaizima.

"Imekauka!" wanawake wakaita kutoka chini.

Akaiwasha. Baada ya kitambo wakaita tena: "Imerudi!"

Théodore akaitazama vani iliyo wazi, akatazama choo, akamtazama mwenye nyumba.

"Mama, maji ya kisima yako ndiyo inapita mu hii vani, inashuka mu bomba ya mji. Batu banakunywa maji ya choo yako."

Akafunga vani na kuamuru kila bidoni imwagwe. Muda wote ule Angélique alikuwa anayaonea wivu maji yake mwenyewe. Aibu ilimjaa, na hofu ikaja juu yake, kwa sababu Gracia alikuwa ameyanywa. Akakimbia hospitali.

"Tumetafuta mushipa wa kumutilia serumu, maji ya sindano, hatuone," muuguzi Françoise alimwambia, akampa kikombe cha maji ya chumvi na sukari. "Lazima akunywe. Tangu asubuhi anakataa. Asipokunywa, tutamupoteza."

Angélique akakisogeza kikombe. Gracia, macho yameingia ndani, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Ulisema nikikunywa maji utanipiga."

"Sitakupiga, mama yangu. Kunywa."

"Hapana. Mama Joëlle anipatie. Yeye hanipigi."

Hata pale, Mungu amsamehe, wivu ulimpanda. Ulimpanda mpaka akatamani kumbana mtoto taya amimine kwa nguvu. Kisha akaona midomo ile ilivyopasuka. Akatoka nje na kikombe mkononi.

Joëlle alikuwa kwenye mstari wa wagonjwa, mtoto kifuani. Watu wa avenyu walikuwa hapo pia, nao walikwisha kusikia habari yote.

"Joëlle," Angélique alisema. "Kuya. Gracia anakuita weye."

Joëlle alimkabidhi Angélique mtoto wake, akapokea kikombe, akaingia ndani. Gracia alikunywa yote, akasema, "Ingine."

Angélique alibaki amesimama penye ukuta, amembeba mtoto wa mwenziwe, mwili wa mtoto ni moto, ulimi wake umekauka. Akaanza kutafuta kikombe cha pili, cha mtoto huyo.