Gesi ya Jikoni

Mkunga aliingiza gari lake gereji saa tatu asubuhi, madirisha yote manne yakiwa wazi na kiyoyozi kikipuliza kwa nguvu zake zote. Fundi alimtazama akashangaa. Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wateja walimwita Mama Baridi, kwa kuwa ndani ya gari hakugusa kitu kingine zaidi ya kiyoyozi.

"Shikamoo, mama. Mbona leo unaupoza mtaa mzima?"

"Marahaba, mwanangu. Nikifunga madirisha kichwa kinaniuma. Halafu kuna harufu. Nilidhani jiko la nyumbani limenishika kwenye nguo, nikabadilisha mpaka kilemba. Wapi. Jana nimembeba mama mwenye uchungu, njia nzima alikuwa anatapika, akaniambia afadhali ajifungulie barabarani."

Fundi alikuwa ameshaikokota mashine yake ya kunyonya gesi hadi mbele ya gari, mpira mmoja mkononi, bado kuuchomeka tu. Akainama, akaingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi. Kisha akauweka mpira chini taratibu, kama mtu anayetua yai.

"Mama, zima gari. Shuka. Mlango uache wazi."

Akaisukuma mashine mbali. Akamwomba mchomeleaji wa kibanda cha pili azime moto wake, na sauti aliyoitumia ilimfanya yule bwana azime bila kuuliza. Watatu wakalisukuma gari mpaka kwenye uwanja wazi nyuma ya gereji, wakafungua boneti na milango yote.

"Umewahi kubeba mtungi wa gesi humu?"

"Sijawahi."

"Nani alikujazia AC?"

Mkunga akatazama pembeni. "Kaka yako. Wiki tatu zilizopita, ulipokuwa umesafiri. Nilisema ni walewale, mafundi wa baba mmoja."

Kaka mkubwa wa fundi alikuwa na gereji ng'ambo ya barabara, nao wote wawili walishikishwa spana ya kwanza na marehemu baba yao. Damu ilikuwa imeanza kumchemka fundi, lakini mgonjwa kwanza. Akamwita mkunga karibu na boneti.

"Nikueleze, ili ujue umeendesha nini. AC haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Hii hapa ni kompresa, inazungushwa na mkanda wa injini. Inaikandamiza gesi mpaka inakuwa ya moto. Gesi inapita hapa mbele, kwenye hii rejeta nyembamba, upepo unaipoza, inageuka maji. Halafu inapenyezwa kwenye tundu dogo mno. Ikitoka upande wa pili inatanuka ghafla na kupoa vibaya sana, ndipo inapita kwenye rejeta nyingine ndogo. Feni inapuliza hewa juu yake, wewe unapata baridi. Gesi inabeba lile joto, inarudi kwa kompresa, mzunguko unaanza tena."

"Sasa tatizo liko wapi? Inapoza vizuri kuliko hata zamani."

"Ndivyo wanavyowanasa watu. Gesi ya kupikia, hii uliyowekewa, nayo inapoza, tena sana. Ila hiyo rejeta ndogo ya mwisho iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yako. Ikivuja, haivujii nje. Inavujia humu mnamokaa. Gesi yenyewe ya AC haishiki moto hivi hivi. Hii inasubiri cheche tu. Mtu mmoja awashe sigara."

Mkunga akaketi kwenye tairi kuukuu. Alikuwa amepokea watoto wa watu kwa miaka thelathini na moja, na si mtu wa kutetemeka. Sasa akavua kilemba, akakikunja magotini.

"Mume wa yule wa jana alikaa kiti cha mbele," akasema. "Aliomba kuvuta. Nilimkatalia kwa sababu ya mkewe kutapika. Kwa sababu hiyo tu."

Fundi akafuta mikono kwa tambara. Na yeye mwenyewe, kama asingeingiza kichwa dirishani, angeichomeka mashine yenye mota ya umeme kwenye gesi ile, ndani ya kibanda cha bati, hatua sita kutoka kwa mchomeleaji.

Walivuka barabara pamoja.

Kaka mtu alikuwa amelala chali chini ya gari. Aliposikia hatua za dada yake akajivuta nje akitabasamu, akamwamkia mkunga kwa heshima zote. Fundi alimpita bila salamu, akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia la turubai. Mtungi ulikuwa pale, ule ule wa kila jiko, kichwani umefungwa mpira wa kujazia AC kwa waya.

"Magari mangapi?" akauliza.

"Mdogo wangu, punguza sauti, kuna wateja."

"Nauliza umejaza magari mangapi."

"Gesi ni gesi," kaka akasema, sasa akiwa amekunja uso. "Gesi yenyewe siku hizi haipatikani. Mtu anakuja amelowa jasho, anaondoka anapigwa na baridi, anashukuru. Kuna aliyelipuka? Nitajie mmoja. Wewe ulienda kozi ya miezi mitatu ukarudi kutufundisha kazi ya baba yetu."

"Usimtie baba mdomoni. Baba alikataa kujaza gari lenye uvujaji hata kwa rafiki yake. Wewe umelifanya gari la mkunga kuwa bomu la magurudumu manne, na ukamwambia safari njema."

Kaka akamgeukia mkunga, kwa ile sauti laini ya kupaka watu mafuta. "Mama, huyu anapenda kutia chumvi. Ungekuja kwangu na hiyo harufu, ningekaza nati moja tu."

Mkunga alikuwa akilitazama gari jeupe kivulini, ambalo kaka alipelekea mapacha wake shule. Mapacha wale yeye ndiye aliyewapokea.

"Baba Mapacha," akasema, "lile la kwako umeweka gesi ipi?"

"Gesi yenyewe," kaka akasema, akitazama chini. Mteja aliyekuwa kwenye benchi akakunja gazeti lake. Fundi alikuwa ameusubiri uongo, hata akauombea. Haukuja.

"Basi lete daftari la namba za simu," mkunga akasema. "Usipolileta, nakaa hapa getini, na kila anayeingia nitamweleza nilichobeba jana."

Alilileta. Magari yalikuwa ishirini na matatu.

Walipiga simu mpaka adhuhuri, fundi akisoma namba, mkunga akiongea, maana sauti yake watu waliizoea kuitii. Magari kumi na tisa yalikuja kwa siku tatu, na fundi aliyafungulia moja moja kwenye uwanja wazi, gesi ikitoka polepole, hakuna simu wala kiberiti karibu. Wenye magari wawili hawakupatikana. Mmoja alisema atakuja, hakuja. Na dereva mmoja wa teksi alisimama mbele yake akamwambia, "Inapoza. Niachie baridi yangu." Fundi alimweleza mara tatu, kompresa, dashibodi, cheche, mpaka sauti ikamkauka, na yule bwana akawasha gari akaondoka na abiria wawili nyuma. Fundi akalia kwa hasira, akanakili namba ya gari kwenye kiganja, akaipeleka kwa askari wa barabarani njia panda.

Siku ya tatu kaka alivuka barabara. Akachukua spana, akaanza kufungua boneti ya gari lililofuata kwenye foleni. Fundi akamwachia. Walifanya kazi bega kwa bega mpaka saa kumi, na kaka alipomwambia, "Mdogo wangu, ile siku," fundi akamkata kauli.

"Sijamaliza kukasirika," akasema. "Shika huu mpira."